Gari Lililokuwa Likishona

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Nyegezi, Mwanza. Nageuza ufunguo, Noah inawaka, na mlio unaanza: tik-tik-tik-tik, mkavu na wa haraka, kama cherehani ya mguu inayokimbizwa na fundi mwenye sare sita za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu. Jirani yangu, ambaye saa hiyo huwa nje anapiga mswaki, akainua kichwa.

"Mwalimu, leo mnashona nini?"

Tukacheka wote wawili. Nilipofika Mkuyuni injini ilikuwa imeshapata moto, mlio umefifia, na mimi nimeshausahau.

Nilidanganyika hivyo miezi minne.

## Siyo tapeti

Gereji ya kwanza waliniambia ni tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu. Injini kongwe, mlio wa tik-tik, nani angebisha? Wakarekebisha walichorekebisha, wakamwaga oili, nikalipa. Asubuhi iliyofuata cherehani ikaendelea na kazi.

Sasa nikikumbuka naona kosa lilianzia kwenye saa. Mimi nilikuwa naendesha kutoka nyumbani mpaka gereji, dakika ishirini na tano za foleni, naingia pale injini imechemka vizuri. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa wake chenyewe. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anasikia injini ya kawaida yenye umri wake. Ni kama mtoto anayelia usiku kucha kwa sikio, halafu asubuhi zahanati anacheza na stetoskopu ya daktari.

Gereji ya pili walau waliona masizi. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi imeungua, wakasema, yaani kile kibati chembamba kinachoziba ungio kati ya injini na chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote. Walikuwa sahihi. Waliniuliza niweke ipi. Nikachagua ya bei ya chini, ile nyeusi-kijivu inayofanana na kadibodi ya boksi la viatu, nikaona nimeokoa pesa. Wakaipaka silikoni pande zote mbili, nene, kama siagi kwenye mkate wa mgeni.

Siku tisa.

Nikarudi. Safari hii dawa ikawa kuweka mbili, moja juu ya nyingine. "Moja ikivuja, nyenzake inadaka." Nikaona hoja ina mashiko. Mtu ukisikia baridi si unavaa soksi mbili?

Wiki tatu.

Siwalaumu sana. Walinipa nilichokuwa tayari kulipia, na nilichokuwa tayari kulipia ni kitu cha kushika mkononi, kilichofungwa kwenye nailoni, chenye risiti. Ningeambiwa "lete hela tunyooshe uso wa manifoldi" ningedhani naibiwa.

## Dirisha

Hapa ndipo penye jambo lililoninyima usingizi, na ndilo limenifanya niandike.

Mama yangu anaishi Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kumleta mjini imekuwa kazi ndogo. Hakuna tena kukaa foleni ya kivuko mpaka mchuzi unachacha. Namfuata, anakaa mbele, tunavuka zile kilomita tatu juu ya maji, Usagara, Buhongwa, tumefika. Na kila safari alifika anaumwa kichwa. Kichefuchefu kidogo, uchovu, anaomba alale. Jioni anaamka mzima, anauliza nani kaweka chumvi nyingi namna hii kwenye sato.

Tulisema presha. Tulisema jua. Tukampima malaria, hana. Mwenyewe alishatoa hukumu yake mapema: "Baba, mimi hili gari lako silipendi."

"Mayu, gari lina kosa gani?"

"Silipendi tu."

Na kila akikaa pale mbele alikuwa anashusha kioo. Na kila akikishusha, mimi nilikuwa nakipandisha, kwa sababu nimewasha kiyoyozi, kwa sababu ya vumbi, kwa sababu nilitaka mama yangu aone mwanawe ana gari lenye ubaridi.

Mwenye Noah ya zamani, ile ya miaka ya 1996 mpaka 2001, anajua injini iko wapi. Unaikalia. Kati ya makalio ya abiria wa mbele na manifoldi ya ekzosi kuna kiti, kapeti, kifuniko cha bati na utepe wa mpira unaoziba kingo zake. Wa kwangu ulikuwa umekatika vipande, kipande kimoja hakipo kabisa.

Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inashikamana na damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Ukiivuta kidogo kidogo unapata maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu, dalili ambazo huku kwetu zina majina yake tayari: malaria, jua, presha. Ukitoka nje ukapata hewa safi, inachukua kama saa nne mpaka sita kupungua nusu.

Yaani unafika saa sita mchana unaumwa, jioni unalalamikia chumvi.

Sikumpima damu. Sina ushahidi, na mtu wa miaka sabini anaweza kuumwa kichwa kwa sababu zake mwenyewe. Lakini nilipokuja kuuona ule mpira uliokatika, kitu cha kwanza nilichokumbuka ni mkono wangu ukipandisha kioo.

## Swali la dawati la nyuma

Mimi nafundisha fizikia. Hili ni la kuona aibu, ila acha liandikwe.

Kidato cha tatu tulikuwa kwenye kutanuka kwa vitu vigumu. Tufe na pete, lile onyesho ambalo kila shule inalo: tufe la baridi linapita kwenye pete, ukilipasha haliingii. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, wale ambao kawaida wanasubiri kengele tu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama chuma kimefungwa boliti huku na huku, hakina pa kwenda, kinatanukia wapi?"

Nikamjibu ya vitabuni. Kinapinda, au kinakata kilichokifunga. Nikataja reli, nikataja madaraja na nafasi zinazoachwa kwenye viungo vyake. Kengele ikalia.

Ofisini nikageuza risiti ya ile gasketi ya pili nikapiga hesabu nyuma yake. Hedi, yaani kichwa cha injini yangu, ni alumini, manifoldi ni chuma cha kusubu. Kwa kila nyuzi moja ya joto alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kama sehemu 23 kwa milioni dhidi ya 12, kwa hiyo haraka haraka ungesema hedi ndiyo inayosogea. Lakini hedi inapozwa na maji, inakaa kwenye nyuzi mia na ushee. Manifoldi hakuna anayeipoza. Nikaipa urefu wa sentimita 40 na joto la nyuzi 500: inarefuka milimita 2.3. Hedi, kwa urefu ule ule, 0.7.

Tofauti milimita 1.6. Kila asubuhi nikiwasha, vyuma viwili vinasuguana kwa umbali huo, huko mwishoni zaidi kuliko katikati, na katikati yao nimeweka kadibodi iliyogandishwa kwa silikoni isisogee. Silikoni nzuri ya gasketi huvumilia nyuzi 300 na kidogo. Moshi unaotoka kwenye silinda gari likiwa na mzigo mlimani hupita 700.

Nilikuwa nafundisha dawa ya ugonjwa wangu, kwa chaki, mara mbili kwa wiki.

## Igogo

Mzee niliyeelekezwa Igogo hana kibao. Ana mti, benchi, na vijana wawili. Tulisalimiana, "Mwangaluka," nikaanza kumweleza habari zote toka tapeti. Akanikatisha kwa mkono.

"Liache hapa lilale. Kesho nitalisikiliza kabla halijaamka."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikapanda daladala nikarudi nyumbani.

Asubuhi alikuwa na kipande cha mpira wa maji, kama futi tatu. Akakiweka sikioni upande mmoja, upande wa pili akautembeza kando ya manifoldi huku kijana akiwasha. Silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Ya nne akanipa mimi nisikilize. Ilikuwa kama mtu ananitemea mate sikioni.

Kuifungua kulichukua asubuhi nzima, nusu ya kazi kwa chini, mgongo juu ya maboksi. Nati zilikuwa zimelowekwa mafuta ya taa tangu jana jioni. Manifoldi ilipotoka akaiweka juu ya benchi, uso juu, na ndipo nikaona kilichokuwa kinashona: kuzunguka mlango wa nne, tundu la moshi wa silinda ya nne, masizi yamechora feni, meusi karibu na tundu, yanapauka kuelekea nje.

Akachukua rula ya chuma, akaisimamisha kwa ukingo juu ya uso wote, akaninamisha nitazame kwa mwanga. Katikati rula imelala. Mwishoni kuna mwanga unapita. Akachukua fila geji, ile mikunjo ya vibati vyembamba vyenye namba, akajaribu kimoja kimoja. Cha milimita 0.5 kikaingia bila kugusa popote.

"Mwalimu, umetandika godoro juu ya mawe ya Capri Point. Halafu umeliongezea godoro la pili."

Hakuishia hapo. Stadi ya mwisho, ile boliti isiyo na kichwa iliyopandwa kwenye hedi jirani na mlango huo wa nne, ilikuwa imekatika ndani, nati yake imewekwa juu ya kisiki kwa ajili ya macho ya mteja. Na chini, pale ambapo manifoldi inatakiwa kushikwa kwenye bloku na stei, mkono wa chuma wa kuibeba, stei hakuna. Mtu aliifungua zamani akaona inamsumbua kuirudisha. Raba mbili za kuning'inizia bomba nazo zilikuwa zimekufa. Maana yake uzito wa bomba lote la mbele, kila shimo la barabarani, ulikuwa unavuta manifoldi kwenda chini, na kilichokuwa kinauzuia ni nati chache na kadibodi yangu.

Nilimuuliza basi gasketi ipi ingeweza kuhimili hayo.

Akaniangalia kama mwanafunzi aliyeuliza kitu ambacho kimeandikwa ubaoni.

## Karatasi ya daftari

Manifoldi ikaenda kuskimiwa, kunyooshwa uso kwa mashine. Kisiki cha stadi wakakitoa kwa njia ya mafundi wengi wa huku: unachomelea nati juu yake, joto la kuchomelea linalegeza kutu, unaiacha ipoe kidogo, unaizungusha kwa spana taratibu, mbele na nyuma, kama unatoa jino la mtoto. Nilisimama kando nimeshika pumzi. Ikikatika tena kwenye hedi ya alumini, kinachofuata ni kuchimba, na kuchimba kukikosea nusu milimita ndiyo safari ya hedi nzima.

Ilitoka.

Mzee akachana karatasi kwenye daftari la kijana wake, akailaza juu ya milango ya hedi, akaisugua kwa kidole chenye masizi. Umbo la milango likajichora, pamoja na nafasi za stadi. "Nenda nayo dukani. Usiwatajie jina la gari tu. Injini moja inakuja na milango tofauti."

Muuzaji alinitandikia kaunta. Ile kadibodi, rafiki yangu wa zamani. Ya grafiti iliyobandikwa juu ya bati lenye matundu kama chujio la chai. Ya chuma matabaka, yenye matuta yaliyochorwa kuzunguka milango, inang'aa kama kifuniko cha kopo jipya. Na ya shaba, kwa ajili ya "magari ya mashindano", ambayo sikuiuliza bei.

Mkono wangu ulikwenda kwenye ya chuma. Ilikuwa ghali zaidi ya zile mbili za kwanza, na baada ya kuumia mara mbili na rahisi nilitaka kuumia na ghali. Nikampigia mzee.

"Hiyo ni nzuri, inadumu. Ila inataka uso kama kioo pande zote mbili. Manifoldi tumeinyoosha, sawa, lakini hedi yako ina makovu ya matindo ya wale waliotangulia. Chukua ya grafiti. Itaingia kwenye makovu. Na angalia kila tundu liwe na pete ya chuma."

Ya grafiti inateleza. Ni kitu kile kile kilichomo kwenye penseli. Ndiyo maana penseli inaandika, tabaka zake zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Manifoldi ikirefuka zile milimita zake, inateleza juu ya grafiti badala ya kuichana. Pete ya chuma inakinga ukingo, kwa sababu grafiti ikilambwa moja kwa moja na moto pamoja na hewa inaliwa. Nikaweka gasketi juu ya karatasi ya daftari pale kaunta. Matundu yake yalizidi mchoro kidogo pande zote, kama inavyotakiwa. Tundu likiwa dogo kuliko mlango, midomo yake inachungulia kwenye njia ya moshi na hiyo midomo ndiyo inayoungua kwanza. Ya kadibodi, nilipoipima kwa udadisi tu, ilikuwa inafunika kona za milango miwili.

Niliwahi kulipia tatu kama hiyo.

Shaba nilikuja kuielewa baadaye. Mzee anaipenda, ila anasema ina masharti: ikishabanwa inakuwa ngumu, kuitumia tena lazima uipashe mpaka iwe nyekundu halafu uiache ilainike. Inayeyuka kwenye nyuzi 1085, moto wa injini yangu hauifikii. Kwa Noah ya kubeba mama na madaftari ni kama kuvaa suti kwenda kuchota maji.

## Kutoka katikati kwenda pembeni

Uso wa hedi walisafisha kwa kipande cha ubao mgumu na kitambaa chenye petroli. Tindo ilibaki kwenye boksi. Milango ikazibwa kwa matambara chembe zisidondokee ndani. Mabaki ya gasketi ya zamani kabisa, iliyokuwepo kabla yangu, mzee aliyalowanisha kwanza ndipo akayakwangua, kwa sababu hujui iliwekwa lini na ina nini. Za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake si la kuvuta.

Stadi mpya, nati mpya, grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi ili fundi atakayekuja miaka ijayo asinitukane. Silikoni nilikuwa nimeinunua, nimeishika mkononi. Kijana akaichukua akaiweka mfukoni mwake kimya kimya. Sijaiona tena.

Nati zote kwanza kwa vidole. Kisha toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, anaanza katikati, anakwenda kushoto, anarudi kulia, anatoka nje hatua kwa hatua, kama unavyotandika shuka usiache mkunjo. Mzunguko wa kwanza nguvu ndogo, wa pili zaidi, wa tatu kipimo kamili cha kitabu cha injini ile. Ukianza na ncha, unaufungia mkunjo katikati. Stei, aliyoitafuta kwa watu wa spea za mtumba, ikaingia. Raba za bomba mpya. Na bomba la mbele lililegezwa mpaka manifoldi ilipokwisha kukaza, ndipo likafungwa bila kulazimishwa.

Utepe wa mpira wa kifuniko, ule wa chini ya kiti cha mayu, niliubandika mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aufanye.

## Maji ya sabuni

Kabla hatujawasha, kijana alikwenda kumwazima fundi pancha bomba la upepo, akalichomeka nyuma kwenye ekzosi, kitambaa kimezungushwa. Upepo mdogo tu. Mzee akanyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio yote. Tukainama watu wanne, vichwa vinagusana, tunatazama mlango wa nne kama watu wanaosubiri samaki.

Hakuna povu.

Kwenye ungio la chini yalitoka mawili, madogo. Akakaza robo zamu. Yakaisha.

Aliniambia niendeshe siku tatu, kisha nirudi asubuhi injini ikiwa baridi kabisa aangalie nati, kwa kuwa grafiti hukaa chini kidogo ikishapata moto. Nilirudi. Mbili zilikubali kusogea kiduchu. Mafuta nayo nikaona hayaishi kama zamani. Alinieleza kwamba kwenye tundu lile hewa ilikuwa inavutwa kuingia kila moshi ukipita, sensa ya oksijeni inadhani petroli ni chache, kompyuta inaongeza. Nilikuwa nalipia hilo pia, Ijumaa kwa Ijumaa, kituoni.

Jirani alisikiliza siku mbili mfululizo, mswaki mdomoni, ndipo akauliza kama cherehani imekata uzi.

Jumamosi iliyopita nilimfuata mayu. Sikumwambia chochote kuhusu gari; nilitaka kuona. Akapanda, akapanga kitenge chake, akaweka kapu la viazi miguuni. Kabla hatujalifikia daraja akashusha kioo, chote, mpaka mwisho. Upepo wa ziwa ukaingia na harufu yake.

"Mayu, nimelitengeneza. Halitoi moshi tena. Unaweza kufunga."

"Nimesikia, baba."

Nikazima kiyoyozi.